Kwa Nini Kisiwa

Mume wangu hakuwa amewahi kunipeleka popote. Naanza na hilo ili mtu asije akasema mimi nina roho mbaya ya kuzaliwa nayo. Tangu anioe safari zangu zilikuwa sokoni, kliniki, kanisani, na kwa mama yake Mogitu. Kwetu Tumati nilikuwa nakwenda mwenyewe, na mara moja nilikwenda kwa hasira nikakaa huko mpaka mahindi yakavunwa. Kwa hiyo siku alipokuja kula mchana, akanawa mikono, akasema mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Mafia, mimi na yeye na watoto, na tutalala ndani ya gari njia nzima, nilimtazama midomo kwanza. Nilidhani amekunywa.

Hakuwa amekunywa. Alikuwa anatabasamu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Yeye ni fundi magari, gereji yake iko kando ya barabara ya Singida hapa Katesh. Jambo lenyewe lilianza kwa wazungu wawili, mtu na mkewe, wazee wa mvi, waliokuja kupanda mlima Hanang na gari lao likaanza kuvuja maji. Gari hilo lilikuwa na kitanda ndani, na jiko, na beseni la kuoshea vyombo, na mapazia. Alilitengeneza siku nzima na jioni akaja nyumbani kama mtu aliyeokoka. Alisema wale wazee wametoka nalo mbali huko, wakichoka wanaegesha, wanapika chai, wanalala. Alilisimulia lile beseni mara nyingi kuliko alivyowahi kunisimulia mimi kwa watu.

Baadaye nikaona anakivuta kipanya kimoja, kibasi cha abiria, kilichokuwa kimekufa nyuma ya gereji, kimeota nyasi mpaka madirishani. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema mwenyewe alishindwa kukitengeneza, akamwachia. Mimi nikajiuliza, nani katika dunia hii anaachiwa gari?

Alikitoa viti vyote. Akatengeneza kitanda cha mbao nyuma, na chini yake sanduku la kuwekea sufuria. Alitoboa tundu akaweka beseni la plastiki na mpira wa maji. Majirani wakawa wanakuja kuangalia kama wanavyokwenda kuangalia maiti ya chatu. Mwanangu mkubwa, wa kike, anayesoma chekechea, alihamia humo kabisa. Baba yake alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha za papa potwe, yule samaki mkubwa kama basi mwenye madoa mgongoni, akamwambia huyo yuko Mafia na hang'ati. Mtoto akawa anauliza kila asubuhi kama papa potwe ana masikio.

Na mimi nikawa nauliza ya kwangu. Niliuliza gari linavukaje maji. Akasema kuna boti. Boti gani inabeba kipanya? Akatafuta kwenye simu, akanionyesha gari zinapanda chombo, watu wamebeba mikungu ya ndizi. Nikamwambia hiyo ni pantoni ya Kigamboni, nimeisoma hapo chini pameandikwa. Akasema mfano ni huohuo.

Niliuliza kwa nini kisiwa. Kama ni maji, Ziwa Babati liko hapo na viboko wake, unakwenda asubuhi unarudi jioni. Kama lazima iwe bahari, si kuna Tanga?

"Tanga ni bara," akasema.

"Na ubaya wa bara ni nini?"

Akarudi chini ya gari.

Jirani yangu anayeuza nyanya nilimwambia yote, kwa sababu nikikaa na jambo peke yangu maziwa ya mtoto yanakauka. Alinisikiliza huku anapanga nyanya zake, mbovu chini nzuri juu, kisha akasema labda mume wangu anakwenda kuniuza kwa Waarabu. "Watoto watakuwa nyongeza," akasema. Tulicheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Maana nilikuwa nawaza ng'ombe wangu.

Lazima nieleze huyu ng'ombe, maana bila yeye mtu ataniona mwehu. Mimi ni mtu wa Tumati, kwetu ni kulima, kufuga kidogo na kusali sana. Watu wa mume wangu ni wafugaji wa huku chini, Hanang. Kwao bibi harusi akifikishwa kwa wakwe haingii ndani hivihivi. Anasimama mlangoni, hasalimii, haketi, anatazama pembeni, mpaka mama mkwe amtajie ng'ombe. Siku yangu shangazi alinibana kiwiko akaninong'oneza nisiinue mguu. Nilisimama nimejifunga khanga mpya, jua linanichoma shingo, mpaka mama mkwe akasema, "Ingia, mwekundu ni wako." Alikuwa jike mwekundu, na ubavuni alikuwa na baka jeupe kama amemwagiwa uji. Hapo nikaingia, naye akabaki palepale zizini Mogitu.

Ng'ombe wa namna hiyo si wa mume. Ni wa mwanamke na nyumba yake, ng'ombe huyo na ndama atakaowazaa, na mume hawezi kumuuza wala kumhamisha bila mdomo wa mke. Mimi niliishia kidato cha nne. Si kwa kukosa akili, matokeo yangu yalikuwa yanatosha kabisa kuendelea, ila nyumbani hakukuwa na kitu cha kushika. Nilipomzaa huyu binti nilimwambia akiwa bado na damu ya kitovu kwamba yeye ataendelea, na atakayempeleka ni yule mwekundu na ndama zake. Kwa hiyo mtu akimgusa yule ng'ombe amegusa shule ya mwanangu. Mume wangu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Sasa wewe kaa na mimi uhesabu. Gari limetokea, eti limeachwa. Magurudumu mapya yametokea. Mume hapigi kelele tena chumvi ikizidi. Anambeba mtoto mchanga mwenyewe bila kuambiwa, na mbele za watu. Nikisema twende Mogitu tukawasalimie, njia ni mbovu. Nikisema nitapanda bodaboda niende, mtoto ana mafua. Mtoto hakuwa na mafua.

Nilimpigia simu mama mkwe. Lakini kwa watu wale huwezi kumuuliza mtu habari za ng'ombe mmoja. Unauliza ng'ombe kwa jumla, naye anajibu kwa jumla; ukimtaja mmoja ni kama umemwita mwenzio mwizi. Nikasema shikamoo mama, ng'ombe hawajambo? Akasema hawajambo, wamepata nyasi kidogo. Akauliza wajukuu. Nikauliza kuku. Simu ikaisha nikiwa najua habari za kuku peke yake.

Nikajisemea moyoni, amemuuza. Amemuuza ng'ombe wa mwanangu, amenunua kipanya, na sasa anatupeleka kuogelea ndani ya ada ya shule. Na mimi sikusema kitu. Wanaonijua wanajua kwamba nikinyamaza ni vibaya zaidi.

Alileta kitambaa cha bluu nimshonee mapazia ya gari na foronya ya godoro. Nina cherehani yangu nyumbani, nashonea watu sare za shule. Nilikubali upesi, naye akafurahi, hakujua kwamba nilitaka tu sababu ya kuingia mle ndani wakati yeye hayupo. Nilitaka kutafuta. Nini, sikujua. Labda risiti, labda nguo ya mwanamke. Mchana mmoja alikwenda kuvuta lori lililokwama, nikamfunga mdogo mgongoni, nikachukua futi ya kupimia, mimi na binti yangu tukaenda gereji.

Nilipima madirisha. Nikapima godoro juu. Binti alikuwa ameingia kwenye lile sanduku la sufuria chini ya kitanda, ndimo bahari yake ilimokuwa, anapiga miguu na kupuliza mashavu. Miguu ikatulia. Kisha akasema kutoka humo, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, kitanda kina manyoya."

Nikamwambia aache uongo.

"Kina manyoya huku chini. Mekundu."

Niliinama nikatazama pamoja naye. Kati ya mbao na mbao palikuwa na nafasi, na katika nafasi hizo yalionekana manyoya. Nikasimama, nikalitupa godoro upande. Juu ya mbao ilikuwa imetandikwa ngozi ya ng'ombe, ngozi nzima, imekauka vizuri, upande wa manyoya chini. Niliishika pembeni nikaigeuza. Ilikuwa nzito na ilipiga kelele kama bati. Baka jeupe lilikuwa palepale, na masikio yote mawili yalikuwepo, la kushoto limekatwa alama ya ukoo wa mume wangu.

Mtu wa kwingine angeweza kudhani ni tandiko. Lakini mimi nimeolewa kwa wafugaji. Wao hawaweki ng'ombe wote mahali pamoja. Huyu anakaa kwa rafiki huyu, yule kwa rafiki yule, ili ugonjwa ukija usimalize mji mzima. Anayemtunzia mwenzake anakunywa maziwa, lakini ng'ombe akifa lazima alete ngozi kwa mwenyewe, na masikio yake, ili alama ionekane na asiambiwe kwamba alimla au alimuuza. Ngozi ya hivyo haiuzwi wala haitupwi. Aliyeitupa ni kama ametupa ushahidi wa mwenzake.

Kwa hiyo nilijua mambo mawili pamoja nikiwa nimeshika sikio lile. Hakuuzwa. Amekufa. Na aliyeletewa ngozi ni mume wangu, akashindwa kuitupa kwa sababu yeye ni mtu wa kwao, akashindwa kunionyesha kwa sababu ananiogopa, basi akaitandika mahali ambapo ningelala.

Nilikaa juu ya ile ngozi na kumnyonyesha mtoto. Sikulia. Nilikuwa na hasira ambayo haina machozi. Binti alipanda akakaa karibu, akapapasa baka jeupe, akauliza kama huyu ndiye wa shule. Nikamwambia ndiye.

Mume wangu alirudi ana grisi mpaka kwenye nyusi. Aliona godoro limeegemea mlango wa gari, akasimama. Hakuuliza nafanya nini. Nikamuuliza mimi, lini. Akasema kiangazi. Nikauliza wapi, maana mimi nilijua ng'ombe wangu yuko kwa mama yake. Akaeleza akitazama bisibisi yake. Nyasi zilikuwa zimekwisha Mogitu, akampeleka kwa mzee mmoja rafiki wa marehemu baba yake, kule tambarare karibu na ziwa la chumvi. Ng'ombe alikwenda kutafuta maji akakwama kwenye tope, hawakuwahi kumtoa. Mzee alileta ngozi mwenyewe, kwa miguu, na akaomba radhi.

"Alikuomba wewe," nikasema. "Ng'ombe alikuwa wa nani?"

Akasema alikuwa amepanga kuniambia.

"Lini?"

"Tukifika."

"Tukifika wapi?"

"Mafia."

Hapo nilimtazama sawasawa. Nikamuuliza kwa nini Mafia, Katesh hapana midomo? Alihangaika, akafuta mikono kwenye ovaroli ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. Na ndipo alipotoa neno ambalo nitamkumbusha mpaka tuzeeke.

"Nilifikiri kule hutaweza kuondoka kwenda kwenu. Ni kisiwa."

Miezi yote ile nilikuwa nauliza kwa nini kisiwa, na jibu lilikuwa ni mimi. Mara ile nilipokwenda kwetu kwa hasira alinifuata mpaka Tumati, akapandisha mlima wa Dareda kwa miguu baada ya gari kugoma, mama yangu akamkalisha nje siku nzima na kumpa maji tu. Hakutaka kurudia. Basi alikaa akafikiri kwa akili yake ya ufundi, akatafuta mahali penye maji pande zote, akapata Mafia, akaona pana papa potwe pia wa kufurahisha mtoto. Alikuwa amejenga gari zima ili aniambie sentensi moja.

Mtu anaweza kusema hayo ni mapenzi. Jirani wa nyanya alisema hivyo. Mimi nasema kama ni mapenzi angeanza kwa kuniuliza kabla hajamtoa ng'ombe wangu zizini, kama desturi yao wenyewe inavyosema. Alitaka nilale juu ya ng'ombe wangu, siku zote za njia, Singida ama Babati, Dodoma, Dar, mpaka baharini, nikichekelea mapazia. Hilo halijanitoka.

Nikamwambia awashe gari.

Akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia safari aliyoisema tangu zamani imefika. Nikaikunja ile ngozi nilivyoweza, nikaipakata mbele, mtoto mgongoni, binti akakaa kwenye kitanda kitupu. Hivyo ndivyo lile gari la kwenda kisiwani lilivyoondoka mara ya kwanza: bila godoro, na beseni likigonga kila shimo, kuelekea Mogitu. Njia haikuwa mbovu hata kidogo.

Mama mkwe alikuwa uani anapepeta. Aliona gari, akaweka ungo chini akaja mlangoni kwake kutupokea, anacheka. Nikashuka. Nikatandika ngozi mbele ya mlango, baka juu, masikio yakimtazama yeye. Kisha nikasimama.

"Shikamoo mama," nikasema. Siku ya harusi sikusalimia, lakini sasa nilikuwa mtu mzima mwenye watoto.

"Marahaba. Ingieni basi."

"Mimi siingii."

Aliinama akalipapasa baka kwa kidole. Alikuwa anajua ng'ombe amepelekwa tambarare, na alidhani mimi ndiye niliyekubali. Kifo hakuwa amekisikia. Akamgeukia mwanawe aliyekuwa anakagua magurudumu ambayo hayakuwa na tatizo, akamsemesha kwa lugha yao. Mimi lugha hiyo naisikia, wao ndio hawajui kiasi gani. Alimuuliza ngozi ililetwa lini, na ilikuwa imekaa wapi. Aliposikia ilikokuwa imekaa, na kwamba ningeambiwa tukifika Mafia, alirudi kwenye Kiswahili ili nami nisikose.

"Ulimtandikia mkeo ng'ombe wake mwenyewe?"

"Mama, nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri ni siku ile ngozi ilipofika. Wewe ulisubiri maji ya chumvi."

Shemeji zangu walikuwa wamesogea kutoka zizini, wanajifanya wanatafuta kamba. Vizuri, nilitaka wasikie. Mama mkwe akanitazama, akaona miguu yangu haisogei, akakumbuka. Alianza kwa kunitajia ndama dume aliyezaliwa juzi. Nikatazama mlima. Akanitajia ng'ombe mzee mwenye pembe moja, ana maziwa mazuri bado, alisema. Nikaendelea kutazama mlima, wingu lilikuwa limeukalia kichwani kama kilemba. Mtoto mgongoni akaanza kulia, nikamtikisa hapohapo niliposimama. Binti yangu naye, sijui nani alimfundisha, alikuja akasimama upande wangu na kutazama mlima.

Mama mkwe alicheka sana, akajishika kiuno. "Siku ile ulifundishwa na shangazi yako. Leo nani amekufundisha?"

Nikamwambia ni mwanawe.

Akaacha kucheka. Akamwambia mmoja wa shemeji amlete mtamba mweusi mwenye mkia mweupe na mimba ya kwanza, yule ambaye mama mkwe mwenyewe alikuwa anamlisha chumvi mkononi. Nilijua anampenda, ndiyo maana nilisubiri. Alimshika binti yangu mkono, akauweka kwenye paji la uso la mtamba, akasema mbele ya wanawe wote kwamba mtamba huyu, yeye na uzao wake, ni wa nyumba ya mtoto huyu, na hatoki zizini hapa bila mdomo wa mama yake. Kisha akamwambia mume wangu ayarudie maneno hayo kwa sauti, kwa lugha mbili. Akayarudia. Sauti yake ilikatika kidogo kwenye ya pili, nami nikaona, lakini sikumsaidia.

Ndipo nikaingia, nikanywa chai.

Tulipotoka mama mkwe alitaka kuona hilo gari ambalo watu wamelisema. Alipanda, akalala chali kwenye mbao, akafungua mpira wa maji, akafunga. Akauliza huko baharini tunakwenda lini. Mume wangu aliniangalia mimi. Mama mkwe akasema akiwa bado amelala kwamba yeye hajawahi kuona bahari na kwamba kitanda hiki kinatosha watu wanne wakijibana.

Ngozi tuliiacha Mogitu. Mapazia nilimaliza kushona, kwa sababu kitambaa kilikuwa kizuri na sipendi kazi ya nusu. Lakini sasa safari naipanga mimi. Tutakwenda mtamba akishazaa salama, si kabla, na mimi nakwenda Mogitu kumtazama mwenyewe, simwulizi mtu kwa simu. Mume wangu bado ananibebea mtoto mbele za watu na bado hapigi kelele chumvi ikizidi. Bado namchunguza. Juzi alikuja na habari kwamba amempata mtu aliyewahi kuvuka na gari, akataka kunieleza boti ya kwenda inapakia vipi.

Nikamwambia hiyo ya kwenda aulizie yeye. Mimi nimeshaulizia ya kurudi.